Cha Bure

Tangazo lilibandikwa maktabani Viljandi,
chini ya picha ya paka aliyepotea:
Jitolee kwa utafiti wa vinasaba. Kipimo ni bure.
Nami, mwenye pensheni ya kuhesabu kwa sarafu,
neno bure nililisoma mara tatu
kama mtu apapasaye kitambaa sokoni
akitafuta tundu.

Muuguzi Piret alikuwa na mikono ya baridi na ulimi mtamu.
Karatasi nne, sahihi nne.
Kwamba damu yangu italala jokofuni Tartu
hata nikishakuwa udongo.
Kwamba jina langu litavuliwa, nibaki namba.
Kwamba wakigundua jambo, waniambie: ndiyo au hapana?
Hapo kalamu ikasita.
Nyuma yangu mzee Arvo akakohoa, foleni ni foleni,
nikatia alama kwenye ndiyo
ili tu nisionekane mwoga.

Kijichupa kimoja. Biskuti moja.
Na kidude cha kung'aa gizani, cha kuning'iniza kotini,
magari yasinigonge.
Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Nikasahau.
Viazi vikapandwa, vikachimbwa.
Theluji ikaja nyeupe, ikaondoka nyeusi.
Kisha barua: tafadhali fika.

Daktari, kijana wa kuwa mjukuu wangu,
alinichorea mshipa
kama bomba la jikoni lililoganda mafuta.
Lehemu, akasema. Si chakula tu.
Ni herufi moja, katika kitabu kizima,
herufi moja imekosewa. Umeirithi kwa mzazi.

Nimeirithi! Mimi
ambaye baba hakuniachia hata shoka.

Baba, Endel, alianguka Agosti ya sabini na nne
kando ya kuni zenye gome jeupe,
robo saa baada ya kumwambia naolewa
na Mrusi wa kiwanda cha kiberiti.
Arobaini na sita. Kichwani hana mvi.
Dada yangu Maimu alisimama na ndoo ya maziwa
akasema, "Umemuua."
Neno moja.
Limeishi kuliko ndoa yangu.

Maneno makali hayavunji mfupa, husema watu.
Moyo hauna mfupa.

Miaka hamsini nimeibeba ile robo saa.
Nimeigeuza, nimeifua, nimeianika:
ningengoja ashushe shoka,
ningengoja Jumapili, ningengoja supu.
Sasa kijana huyu na kalamu yake ya bluu
ananiambia mlango ulikuwa ukijifunga
tangu baba yumo tumboni mwa mamaye.
Nilitaka kucheka. Nikaomba maji.
Maana mtu akikuondolea mzigo ghafla
nawe huyumba.

"Una ndugu?" akauliza. "Naye apimwe.
Ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu."

Hapo ndipo nilipoiona bei.

Siku tisa nilimeza vidonge, nikanyamaza.
Nikijiambia: ana daktari wake. Ana watoto wake.
Nikijiambia, na hili nalisema kwa aibu,
aanguke yeye, tuone atasema nani kamuua.
Usiku ule sikulala.

Namba yake nilikuwa nayo, kwa penseli,
nyuma ya picha ya mazishi ya mama,
ambako tulisimama pande mbili za kaburi
kama majirani wanaogombea ua.

Jumapili jioni. Najua saa hiyo
ametoka kuoga mvuke, uso mwekundu,
amekaa na mkate mweusi, anapaka siagi
nene kama plasta ya ukuta,
kwa mgongo wa kisu, kama baba.
Simu ikaita mara sita.

"Nani?"
Sauti ya baba, kwenye koo la mwanamke.

Nilikuwa na hotuba. Niliiandika juu ya bahasha ileile
iliyoleta majibu: kwanza salamu, kisha sayansi,
kisha, nikipata nguvu, ile robo saa.
Miwani ikajaa ukungu, sikuona hata herufi.

"Maimu," nikasema,
"weka kisu chini."